Jinsi na Umri katika Mfupa wa Nyonga: Uhakiki wa Mbinu za Ukadiriaji kwa Kutumia Skani katika Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu zinazotumika kubainisha jinsi na kukadiria umri wa marehemu kwa kutumia mfupa wa nyonga, hasa baada ya ujio wa skani ya CT. Hoja ya msingi ni kwamba jinsi na umri, ingawa husomwa katika mfupa mmoja na mara nyingi huandikwa katika sentensi moja ya ripoti, hutegemea ushahidi wa aina mbili zenye nguvu tofauti. Skani imeboresha namna ya kuuona mfupa, lakini haijaondoa udhaifu wa makadirio ya umri kwa watu wazima. Makala yanapendekeza ripoti za Kiswahili zitofautishe kwa maneno kati ya kubainisha na kukadiria, na ziandike masafa ya umri badala ya nambari moja.

1.0 Utangulizi

Mchunguzi anapoletewa mabaki ya mtu asiyejulikana, maswali mawili hutangulia mengine: je, alikuwa mwanamume au mwanamke, na alifariki akiwa na umri gani? Majibu ya maswali haya ndiyo huipunguza orodha ya watu waliopotea mpaka ikabaki ya majina machache yanayoweza kufuatiliwa. Wapo wanaodhani kwamba kipimo cha vinasaba kimeyafanya maswali haya yapitwe na wakati. Dhana hiyo si sahihi. Vinasaba vya marehemu peke yake havitaji jina; ni lazima vilinganishwe na vya jamaa aliye hai, na huyo jamaa huitwa kwa sababu wasifu wa mifupa umeelekea kwa mtu wake. Wasifu ukikosea, familia inayostahili kuitwa haiitwi. Marehemu huzikwa bila jina, na mama huendelea kumsubiri mtoto ambaye mifupa yake imo ndani ya boksi kwenye rafu.

Kabla ya kuendelea ni vyema kufafanua istilahi. Katika makala haya, jinsi ni hali ya kibaiolojia ya kuwa wa kiume au wa kike, nayo ni tofauti na jinsia, ambayo ni mahusiano na majukumu yanayojengwa na jamii. Mfupa unaweza kusema kitu kuhusu jinsi; kuhusu jinsia hausemi. Nyonga ya mtu mzima ina mifupa miwili mikubwa, kila upande mmoja, pamoja na sakramu kwa nyuma. Kila mmoja kati ya ile miwili umetokana na mifupa mitatu iliyoungana: iliamu juu, iskiamu chini na nyuma, na mfupa wa kinena mbele. Sehemu tatu zitatajwa mara kwa mara: kiungo cha kinena, yaani pale mifupa miwili ya kinena inapokabiliana, uso wa sikio, yaani eneo la iliamu linaloshikana na sakramu na lenye umbo la sikio, na mkato mkubwa wa siatiki, ulioko nyuma ya iliamu.

2.0 Jinsi: Ushahidi Unaotokana na Kazi ya Mfupa

Nyonga ndiyo sehemu ya kiunzi cha binadamu inayotofautisha jinsi vizuri kuliko nyingine zote, na sababu yake inaeleweka. Nyonga ya mwanamke hubeba majukumu mawili: kuuhimili mwili unaotembea kwa miguu miwili na kumpitisha mtoto mwenye kichwa kikubwa. Kwa hiyo mfupa wa kinena wa mwanamke kwa kawaida ni mrefu zaidi, pembe iliyo chini yake ni pana, na mkato mkubwa wa siatiki umefunguka. Tofauti hizi hujitokeza wakati wa balehe, na kwa sehemu kubwa hubaki katika utu uzima.

Phenice (1969) ndiye aliyeipa elimu hii njia fupi na rahisi. Alichagua alama tatu za mfupa wa kinena: tao la mbele, mbonyeo ulio chini ya kiungo, na umbo la ukingo wa ndani wa tawi linalounganisha iskiamu na kinena. Alizijaribu kwa viunzi 275 vya mkusanyiko wa Terry nchini Marekani na kutangaza usahihi wa 96%. Takwimu hiyo imenukuliwa sana, na hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuanzia. Lovell (1989) alipoijaribu mbinu hiyo kwa wachunguzi wengine na mifupa mingine, alipata 83%, na aliona usahihi ukipungua kwa watu wenye umri mkubwa. Ubelaker na Volk (2002), wakirudi katika mkusanyiko uleule wa Terry, walipata 88.4% kwa alama hizo tatu peke yake. Mbinu haikuwa mbaya. Kilichodhihirika ni kwamba 96% ilikuwa sifa ya mbinu ikiwa mikononi mwa mwanzilishi wake. Ripoti inayoinukuu takwimu hiyo kana kwamba ni sifa ya mfupa humpa hakimu uhakika ambao mchunguzi aliyeuchunguza mfupa huo huenda hanao.

Upendeleo wa mchunguzi nao una historia yake. Weiss (1972) alichunguza idadi ya wanaume na wanawake katika ripoti za makaburi ya kale na kukuta wanaume wakizidi kwa takribani 12%, ziada isiyoelezeka kwa vifo. Sababu aliyoipendekeza ni kwamba mchunguzi anapokutana na mfupa wenye alama za katikati huelekea kuuita wa kiume, hasa ukiwa mkubwa. Walker (2005) naye alionyesha kwamba mkato wa siatiki hautofautiani kwa jinsi pekee, bali pia kwa umri na kwa jamii anayotoka marehemu. Kwa hiyo hata katika jinsi, penye nguvu kubwa ya nyonga, mfupa haujibu sawasawa kila mahali.

Kazi mbili zimelijibu tatizo hili kwa njia inayostahili kusifiwa. Klales na wenzake (2012) walizirekebisha alama za Phenice kwa kuzipa daraja tano badala ya mbili na kuambatisha hesabu ya uwezekano kwa kila mchanganyiko wa daraja. Kabla yao, Murail na wenzake (2005) walitumia vipimo kumi vya mfupa wa nyonga kutoka kwa watu wazima 2,040 wa mabara kadhaa, nao wakaweka sharti kwamba jinsi itajwe tu pale uwezekano unapofikia 0.95. Mfupa usiofikia kiwango hicho huachwa bila kutajwa. Thamani ya sharti hili ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa linampa mchunguzi ruhusa ya kitaaluma kusema kwamba hajui. Mbinu za macho pekee zilikuwa zikimlazimisha kuchagua.

3.0 Umri: Ushahidi Unaotokana na Uchakavu

Tukihamia katika umri wa mtu mzima, aina ya ushahidi hubadilika kabisa. Umri husomwa katika uchakavu: namna kiungo kilivyobadilika kwa miaka ya matumizi, chakula, uzazi, maradhi na kurithi. Uso wa kiungo cha kinena cha kijana una matuta na mifereji. Kadiri miaka inavyopita, matuta husawazika, ukingo hujengeka kuuzunguka uso, na hatimaye ukingo huo hubomoka na uso kujaa vitundu. Mfuatano huu ni wa kweli. Mwendo wake ndio usiofanana baina ya mtu na mtu.

Todd (1920) aliugawa mfuatano huo katika hatua kumi kwa kuwachunguza wanaume 306. McKern na Stewart (1957) walitumia mabaki ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Korea, ambao wengi wao walikuwa vijana. Baadaye Brooks na Suchey (1990) walitumia mifupa ya kinena iliyokusanywa wakati wa uchunguzi wa vifo mjini Los Angeles na kuzipunguza hatua zikawa sita, kila moja ikiwa na wastani na masafa yanayowajumuisha 95% ya watu. Mbinu yao ndiyo iliyoenea zaidi katika uchunguzi wa jinai, na waasisi wake walikuwa wakweli kuhusu upana wa masafa hayo. Kwa mwanamume wa hatua ya tano, wastani ni miaka 45.6, lakini masafa ni miaka 27 hadi 66. Kwa mwanamke wa hatua ya nne, wastani ni 38.2 na masafa ni 26 hadi 70. Kwa mwanamke wa hatua ya tano, wastani ni 48.1 na masafa ni 25 hadi 83.

Masafa haya ya mwisho yanatosha kutufikirisha. Mjukuu wa miaka 25 na bibi yake wa miaka 83 wanaweza kuwa na nyonga za hatua moja. Mchunguzi anayeinukuu 48.1 na kuyaacha masafa hakusema uongo wa takwimu, lakini amemwelekeza mpelelezi mahali pasipo sahihi. Tuchukue mfano wa kubuni: mfupa wa kinena wa mwanamume umewekwa katika hatua ya tano, na ripoti ikaandika kuwa marehemu alikuwa na umri wa takribani miaka 45. Polisi wanapekua majalada ya wanaume wa miaka 40 hadi 50. Ikiwa marehemu alikuwa na miaka 31, jalada lake halifunguliwi, ndugu zake hawaitwi kutoa vinasaba, na hakuna hatua inayofuata itakayolifichua kosa hilo. Kosa la umri huwa kimya namna hii: halileti jibu baya ambalo mtu angelipinga, bali humwondoa marehemu katika orodha.

Tatizo la pili ni la kihesabu, nalo liliibuliwa kwa ukali na Bocquet-Appel na Masset (1982). Walionyesha kwamba makadirio ya umri huelekea kuiga muundo wa umri wa sampuli iliyoijenga mbinu. Sampuli ikiwa imejaa vijana, kama ilivyo ile ya wanajeshi wa Korea, basi kila hatua itaonekana kuwa ya ujanani zaidi kuliko inavyostahili. Ikijaa wazee, hatua ileile itapanda umri. Majibu ya hoja hiyo yalichukua miongo miwili kukomaa, na yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Hoppa na Vaupel (2002), ambamo Boldsen na wenzake waliipendekeza mbinu ya kuchambua mpito kutoka hatua moja hadi nyingine. Kiini chake ni kutenganisha maswali mawili: mfupa wa umri fulani huonekanaje, na ni watu wa umri gani wanaotarajiwa kufa katika jamii inayochunguzwa? Ni jambo la kusikitisha kwamba swali la pili bado huachwa bila kuulizwa katika kazi nyingi za kila siku.

Kwa watoto hali hugeuka. Mifupa mitatu ya nyonga huungana katika tundu la paja wakati wa balehe, na ukingo wa juu wa iliamu hukamilisha muungano wake miaka ya mwanzo ya ishirini. Ukuaji huu hufuata ratiba inayobana zaidi kuliko uchakavu, hivyo umri wa mtoto hukadiriwa kwa masafa mafupi. Jinsi yake, kinyume chake, haisomeki kwa kuaminika kwa sababu alama za balehe hazijatokea. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na miongoni mwake walikuwamo watoto wengi. Tukio la namna hiyo huonyesha kwa nini haitoshi kusema kwamba nyonga ni kielelezo kizuri. Hatuna budi kuuliza ni kizuri kwa swali lipi na kwa marehemu wa rika lipi.

4.0 Kilichobadilishwa na Skani na Kisichobadilishwa

Skani ya CT imeleta manufaa matatu yasiyopingika. Kwanza, mfupa huchunguzwa bila kuondolewa nyama. Katika mbinu ya kale ilibidi mfupa wa kinena ukatwe na kuchemshwa, jambo linaloziumiza familia na kugongana na desturi za mazishi, hasa pale ambapo dini inahimiza maiti azikwe haraka na akiwa mzima. Pili, picha hubaki. Mtaalamu wa pili anaweza kuichunguza baada ya miaka bila kufukua kaburi, na mahakama inaweza kudai uchunguzi urudiwe. Tatu, vipimo vya umbali na pembe huchukuliwa moja kwa moja katika umbo la pande tatu. Decker na wenzake (2011) walionyesha kwamba jinsi husomeka vizuri katika maumbo ya nyonga yaliyojengwa kutokana na CT. Hili lilitarajiwa, kwa sababu jinsi hukaa katika umbo la jumla, na umbo la jumla ndilo linalohifadhiwa vyema na skani.

Umri haukai hapo. Hukaa katika mikwaruzo, vitundu na kingo nyembamba za uso wa kiungo. Skani hujenga uso huo kutokana na vipande vyenye unene fulani, kisha programu huulainisha. Kipande kikiwa kinene, vitundu hufifia. Ulainishaji ukizidi, uso wa mzee huweza kuonekana umesawazika kama wa mtu wa makamo. Telmon na wenzake (2005) walitangulia kuijaribu mbinu ya Suchey na Brooks katika picha za pande tatu, na wengi wamefuata. Stoyanova na wenzake (2015) walikwenda njia nyingine: waliuskani mfupa wenyewe kwa leza na kuiachia hesabu kazi ya kupima kukunjamana kwa uso, ili kuondoa upendeleo wa jicho. Juhudi hizi zinapunguza tofauti baina ya wachunguzi, nalo ni jambo la kheri.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kutofautisha makosa ya aina mbili. Lipo kosa la mtazamaji, linalotokea watu wawili wanapouona uso mmoja na kuuweka katika hatua mbili. Lipo pia kosa la maumbile, linalotokana na ukweli kwamba watu wawili wenye umri mmoja wana nyuso mbili tofauti. Skani, leza na hesabu hupunguza kosa la kwanza. Kosa la pili limo ndani ya miili yetu, na kifaa chochote kinachoutazama uchakavu huo pekee kitalikuta. Makala zinazotangaza kwamba teknolojia mpya imelitatua suala la umri zinafaa kusomwa kwa kuuliza ni kosa lipi kati ya hayo mawili lililopungua.

5.0 Mfupa wa Nani Ndio Kipimo?

Mikusanyiko iliyozaa mbinu hizi ina historia. Ule wa Hamann-Todd, ulioko Cleveland, na ule wa Terry, ulioanzia St. Louis na sasa uko Smithsonian, ilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na maiti ambazo hazikudaiwa na ndugu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wengi wao walikuwa maskini. Ule wa Raymond A. Dart, ulioko Johannesburg, nao una maiti wengi wa aina hiyo. Walioikosa heshima ya mazishi ndio waliogeuzwa kipimo cha wanadamu wengine.

Mbinu za Todd, Phenice, na Brooks na Suchey hazikujengwa juu ya sampuli ya Afrika Mashariki. Kuzitumia hapa si kosa lenyewe kwa lenyewe. Kosa ni kuzitumia bila kuzijaribu na bila kuitaja hali hiyo katika ripoti. Mifupa ya eneo letu ilipokusanywa, haikukusanywa kwa manufaa yetu. Katika enzi ya utawala wa Wajerumani, wakusanyaji walisafirisha mafuvu kwenda Berlin na kwingineko, na mara nyingi kichwa kilitenganishwa na kiwiliwili. Matokeo ya kisayansi ya kitendo hicho hayatajwi vya kutosha: mafuvu yaliachanishwa na nyonga, yaani na ule mfupa ambao ungebainisha jinsi kwa uhakika zaidi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vimeyahusisha mafuvu matatu na jamaa walio hai nchini Tanzania. Ni matatu kati ya takribani 1,100 yaliyochunguzwa. Fuvu la Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, bado linatafutwa na ukoo wake.

Hapa skani inatoa fursa ambayo mikusanyiko ya mifupa haikuitoa. Hospitali zenye mashine za CT hupiga picha za nyonga za watu walio hai, ambao jinsi na umri wao vimeandikwa. Picha hizo zikiondolewa majina na kutumiwa kwa idhini, zinaweza kuwa sampuli rejea ya eneo letu bila kuuchukua mwili wa yeyote. Tahadhari ni mbili. Wanaopigwa CT ni wagonjwa, majeruhi na wenye uwezo wa kuilipia, hivyo hawaiwakilishi jamii nzima. Aidha, umri ulioandikwa hospitalini huwa ni wa kukisia kwa wazee wasio na cheti cha kuzaliwa, na sampuli rejea yenye umri wa kukisia hurithisha ukisiaji huo kwa kila ripoti itakayoitegemea.

6.0 Lugha ya Ripoti

Kiswahili kina msamiati unaotosha kuubeba uangalifu huu. Kukisia ni kutoa jibu bila kipimo. Kukadiria ni kutoa jibu kwa kipimo huku ukikiri masafa. Kubainisha ni kutenga kitu katika kundi lake kwa alama zilizo wazi. Kuthibitisha ni kufunga mjadala. Maneno haya hayapaswi kubadilishana nafasi. Sentensi kama “jinsi na umri vilibainishwa kuwa mwanamke wa miaka 48” inaupa umri nguvu iliyo ya jinsi pekee. Sentensi ifaayo ingetenganisha: jinsi imebainishwa kuwa ya kike kwa alama na uwezekano uliotajwa, umri umekadiriwa kuwa kati ya miaka 25 na 83 kwa kiungo cha kinena, na vielelezo vingine, kama meno na uso wa sikio, vitumike kuyapunguza masafa hayo.

Huenda ikasemwa kwamba masafa mapana hayamsaidii mpelelezi. Hoja hiyo ina uzito wa kiutendaji, kwani orodha ndefu ni kazi na gharama. Lakini orodha fupi isiyo na jina la marehemu ni gharama kubwa zaidi, na gharama hiyo hulipwa na familia ambayo haikushirikishwa katika uamuzi. Panapohitajika kuanza upekuzi mahali fulani, mpelelezi anaweza kuanza karibu na wastani na kutanua hatua kwa hatua, mradi ripoti haikumzuia kutanua.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mfupa wa nyonga hujibu maswali mawili kwa viwango viwili vya uhakika: kwa mtu mzima jinsi huwa bayana na umri hufifia, na kwa mtoto huwa kinyume. Skani ya CT inaongeza heshima kwa marehemu, inaruhusu uchunguzi urudiwe, na inapunguza kosa la mtazamaji. Hailiondoi kosa la maumbile wala upendeleo wa sampuli rejea. Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo matatu: kila ripoti itaje sampuli ambayo mbinu yake ilijengwa juu yake; umri uandikwe kwa masafa, na wastani usiwahi kusimama peke yake; na mchunguzi awe na nafasi ya kuandika kwamba jinsi haikubainika. Mapendekezo haya hayahitaji mashine mpya. Yanaweza kuanza kutekelezwa katika ripoti itakayoandikwa kesho.